Abunusi na Mbebaji Wake

Fundi aliziweka mbao mbili juu ya meza, akazipangusa vumbi kwa kiganja, akamwambia kijana achague.

Zilikuwa mbao za fidla, ule ubao mrefu mwembamba unaokaa chini ya nyuzi, vidole vikipanda na kushuka juu yake usiku mzima wa taarab. Mmoja ulikuwa mweusi tii. Hata fundi alipouinamisha kwenye mwanga wa dirisha, macho hayakupata pa kushika. Wa pili nao ulikuwa mweusi, lakini ulipitiwa na michirizi ya rangi ya kahawa kutoka ncha hadi ncha.

Kijana hakuugusa ule wa pili.

"Huo una kasoro, maalim."

"Kasoro gani?"

"Si mweusi sawasawa."

"Mti ni ule ule," fundi akasema. "Uzito ule ule, ugumu ule ule. Mchagua jembe si mkulima, mwanangu."

Kijana akacheka kwa adabu, akauchukua ule mweusi. Fundi hakubishana. Ule wa michirizi aliusukuma pembeni, kwenye rundo la mbao nyengine zilizokwisha kukataliwa. Mimi nilikuwa nimekuja kwa ajili ya udi wangu, nikabaki kulitazama rundo lile.

"Zatoka wapi hizi?" nikauliza.

"Kameruni. Ni abunusi ya Kameruni."

Hilo likanikaa kooni. Kwa wiki kadhaa nimelala nalo na kuamka nalo: mti umekatwa katikati ya msitu, umevuka bahari, umefika mpaka meza ya fundi wa Mji Mkongwe, kisha umekataliwa kwa sababu ya mchirizi. Nikaanza kusoma kila nilichokipata. Nilikuwa natafuta habari za mbao, zikanipeleka kwa ndovu, na ndovu wakanirudisha hapa hapa Unguja.

## Mti wa kivulini

Jina lake la kitaalamu ni Diospyros crassiflora. Unaota katika misitu ya mvua kuanzia kusini mwa Nigeria, ukishuka Kameruni, Guinea ya Ikweta na Gaboni, mpaka Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo zote mbili. Ni ndugu wa kaki, lile tunda la rangi ya chungwa ambalo jamaa zetu wa Maskati na Dubai hulikuta sokoni. Ukoo wao ni mkubwa. Diospyros peke yake ina aina zaidi ya 700.

Watu wa Kilwa na Mtwara najua watanikatiza hapa. Kwani abunusi si ndiyo mpingo? Siyo. Mpingo ni wa jamii ya kunde, mti wa miombo na nyika kavu, na kinachowakutanisha ni weusi tu. Nitaurudia mpingo baadaye kwa sababu ulinisaidia kufikiri.

Abunusi si jitu la msituni. Hufika mita 20 hadi 25 hivi, na maisha yake huyapitisha chini ya miti mikubwa, kivulini, ukikua polepole mno. Weusi hauenei mti mzima. Uko ndani, kwenye kiini, na nje yake kuna mti wa rangi hafifu kama miti mingine. Kiini chenyewe ni kizito kuliko maji: kitie kipande kwenye ndoo, kitazama. Ndiyo maana wapiga ala wanakitaka. Nyuzi husugua ubao mwaka hadi mwaka, na mti laini hatimaye huchimbika vijifereji ambavyo vinaharibu sauti. Abunusi hustahimili.

Lakini kuna jambo moja ambalo mteja wa dukani halioni. Ukisimama mbele ya miti miwili ya abunusi, mmoja una kiini cheusi tii na mwengine una kiini cha michirizi, huwezi kuijua ipi ni ipi. Gome halisemi kitu.

Utajua ukishaukata.

## Mmoja katika kumi

Mwishoni mwa 2011, kampuni ya magitaa ya Taylor, ya El Cajon huko California, iliungana na Madinter, wauzaji wa mbao wa Uhispania, wakanunua kiwanda cha abunusi mjini Yaoundé kinachoitwa Crelicam. Bob Taylor, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo ya magitaa, alikwenda mwenyewe kuzungumza na wakataji. Mwaka 2012 alitoa video akiwasimulia watengenezaji wenzake na wateja kile alichokikuta: ili kupata mti mmoja mweusi tii, wakataji walikuwa wakiangusha kama kumi. Ile mingine, yenye michirizi, iliachwa ioze pale pale ilipoangukia. Hapakuwa na mnunuzi.

Nilisimamisha video hapo.

Miti tisa.

Nimekulia kwenye nyumba ya watu wa ala. Najua jinsi mpigaji anavyoipenda fidla yake, anavyoifunga kitambaa, anavyokataa mtoto asiisogelee. Hakuna hata mmoja kati yao niliyemjua ambaye angekubali miti tisa ife kwa ajili ya rangi ya ubao wake. Na hakuna aliyewahi kuulizwa. Sharti la weusi tii limekuwapo kabla yao, wamelikuta kama tulivyolikuta kanzu jeupe kwenye Idi, na kila anayenunua analipitisha kwa anayefuata.

Jinsi lilivyodumu ni jambo linalouma. Waholanzi walipoweka makazi Mauritius mwaka 1638, abunusi ndiyo iliyokuwa mali kubwa waliyoifuata, na wakaikata mpaka walipokihama kisiwa mwaka 1710. Abunusi ya Sri Lanka na India nayo ilivunwa mpaka ikawa haba. Madagaska ikafuata, na ilipofika 2013 biashara ya abunusi yake ikawekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kabla ya hapo, mwaka 2009, maofisa wa Marekani walikuwa wameshavamia kiwanda cha magitaa cha Gibson mjini Nashville kwa sababu ya abunusi ya Madagaska, na mwaka 2012 kampuni ikakubali kulipa dola 300,000 kumaliza shauri. Kila msitu ulipopungukiwa, soko lilihamia msitu mwengine, na sharti lake likahama nalo. Wanunuzi waliona ni rahisi kuhamia nchi nyengine kuliko kuzoea mchirizi.

Taylor alitangaza kwamba kiwanda chake kitapokea abunusi ya michirizi, na kwamba magitaa yake, hata yale ya bei kubwa, yatatoka nayo. Mwanzoni mwa 2014 serikali ya Marekani ilimpa tuzo kwa kazi hiyo, mkononi mwa John Kerry, waziri wa mambo ya nje wa wakati huo.

Nikafurahi. Nikadhani hadithi yangu imekwisha, na kilichobaki ni kuandika kipande kifupi cha kuwasihi wapigaji wa Unguja waikubali michirizi.

## Shaka ikaingia

Ilianza kama hesabu ndogo. Zamani mti mmoja katika kumi ndio uliokuwa na soko. Leo yote kumi ina soko. Je, tumeiokoa ile tisa au tumeitia bei?

Niliigeuza hoja hii kila upande. Ni kweli kwamba ile tisa ilikuwa inakufa vilevile, kwa hiyo kuitumia ni bora kuliko kuiacha ioze. Ni kweli pia kwamba mti mmoja ukitumika wote, unatoa mbao nyingi, na idadi ile ile ya magitaa inaweza kupatikana kwa miti michache zaidi. Lakini hayo yanasimama tu ikiwa idadi ya magitaa haipandi na vibali vya kukata havipandi. Na msimulizi wa habari hii ndiye huyo huyo anayeuza. Simshutumu. Kati ya wanunuzi wakubwa wa mti huu yeye ndiye aliyejitokeza kusema hadharani kinachotendeka msituni, na hilo si dogo. Ila mtu anayeuza, hata akiwa mkweli, huanzia hesabu zake kwenye gogo.

Mimi nikataka kujua habari za kabla ya gogo. Mti mmoja ukikatwa, nyuma yake inachipuka mingapi?

Hapo ndipo nilipokutana na ndovu.

## Anayeupanda

Mwaka 2025 jarida la Science Advances lilichapisha utafiti ulioongozwa na Vincent Deblauwe, mtafiti wa Taasisi ya Bonde la Kongo mjini Yaoundé, taasisi inayoendeshwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na kituo cha utafiti wa kilimo cha IITA. Walichokitafuta kinaelezeka kwa maneno machache: ni nani anayeisambaza mbegu ya abunusi, na akiondoka kinatokea nini?

Msambazaji ni ndovu wa msituni.

Tunda la abunusi ni kubwa na mbegu zake ni kubwa. Likidondoka chini ya mama yake likabaki hapo, panya na jamaa zake wanazitafuna mbegu. Ndovu akilila, mbegu zinasafiri naye tumboni, zinatoka mbali ndani ya lundo la kinyesi, na kinyesi hicho kinazisitiri. Wale wenye meno ya kutafuna hawazipati kwa urahisi. Mbegu inapata nafasi ya kuota, tena mahali ambapo jirani zake si ndugu zake.

Palipotoweka ndovu, watafiti walikuta miti michanga ya abunusi ni pungufu kwa asilimia 68 ukilinganisha na pale ndovu walipo. Vinasaba vya miti navyo vilitoa ushahidi wake: bila ndovu, mbegu hazifiki mbali, na miti inayokua pamoja huwa ya damu moja.

Nilisoma namba hiyo nikaweka simu chini. Asilimia 68, na msumeno haujatajwa.

Fikiria mtaa ambao nyumba zote zina wazee, taa zinawaka kila jioni, na skuli imefungwa kwa kukosa watoto. Mpita njia ataona mtaa umejaa. Msitu wa abunusi usio na ndovu uko hivyo. Ukienda leo kuhesabu miti mikubwa utaipata, kwa sababu miti hiyo ilipandwa na ndovu waliopita huko vizazi vilivyopita. Ukiinama kutafuta miche ndipo unapoelewa.

Na ndovu wenyewe hali yao inajulikana. Mwaka 2021 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, liliwaorodhesha ndovu wa msituni kwa mara ya kwanza peke yao, mbali na ndovu wa nyika, na likawaweka katika daraja la waliomo hatarini kabisa kutoweka: wamepungua kwa zaidi ya asilimia 86 katika miaka 31. Majangili wanafuata pembe. Barabara wanazopitia mara nyingi zimefunguliwa na wakata mbao waliokwenda kutafuta miti mingine kabisa, wala hawakuwa na haja na abunusi. Kwa njia hiyo abunusi inaweza kukatiwa kizazi chake na mtu ambaye hajawahi hata kuigusa.

Hili liliivuruga ile makala fupi niliyokuwa nimeikusudia. Mpigaji anaweza kuikubali michirizi yote duniani, kiwanda kikatumia kila kipande, na bado mti ukaendelea kuzeeka bila mtoto.

## Pembe zilipita hapa

Nikitoka kwangu kwenda Shangani huwa napita karibu na nyumba ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa wa karne ya kumi na tisa. Mlango wake bado una nakshi za kumfanya mtu asimame. Nimepita hapo maisha yangu yote, na kila mara nimemfikiria mwenye nyumba pamoja na watumwa, kama inavyostahili. Mwezi huu nimeanza kufikiria na shehena nyengine.

Misafara yake ilikwenda Manyema, mashariki ya Kongo, na ikaendelea kuingia kwenye msitu mkubwa wa Kongo. Walichokifuata kwanza ni pembe. Zilibebwa mabegani mwa watu mpaka pwani, zikavushwa Unguja, zikapimwa na kulipiwa ushuru forodhani, zikapakiwa melini. Sehemu kubwa ya zile zilizokwenda Marekani iliishia kwenye miji miwili midogo ya Connecticut, Deep River na Ivoryton, ambako viwanda vya Pratt, Read na vya Comstock, Cheney vilizipasua kuwa vipande vyembamba vya kubandika juu ya vibonyezo vya piano.

Vibonyezo vyeupe, pembe. Vyeusi, kwenye piano nzuri, abunusi.

Sikuamini nilipoviona vimelala sambamba kwenye picha, kimoja baada ya kingine. Mti na mbebaji wake, wote wawili wamekatwa vipande, wamewekwa bega kwa bega ili mtoto wa watu afanye mazoezi sebuleni. Aliyeinunua piano ile hakuwa na njia ya kujua kwamba kile cheupe ndicho kilichokuwa kikikipanda kile cheusi.

Utafiti wa mbegu ulifanyika Kameruni, na Manyema ni mbali na Kameruni. Sitaki kuuvuta utafiti ufike ambako haukufika. Lakini msitu ule ni mmoja, umeanzia Atlantiki mpaka karibu na maziwa yetu, na ndovu wa msituni walikuwa ndani yake upande hadi upande. Kisiwa changu kilitajirika kwa kuwatoa humo. Majumba tunayowaonyesha wageni yalijengwa kwa fedha hiyo na kwa jasho na damu ya waliobebeshwa. Ninapoona ubao wa abunusi umefika Unguja, siwezi tena kusema ni bidhaa ya mbali isiyonihusu. Sisi tulikuwa kwenye biashara hii kabla ya California.

Sijui niseme nini zaidi ya hapo kuhusu deni la aina hii. Wapo watakaoniambia yaliyopita si ndwele. Yaliyopita haya yana miche iliyokosekana leo.

## Mpingo una upepo wake

Kuna rafiki yangu wa Kilwa niliyemsimulia haya kwa simu, naye akanijibu papo hapo: waige Kilwa. Hoja yake ina uzito. Vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, kinachotolewa kwa misitu inayotunzwa vizuri, kwa ajili ya misitu yao ya asili, na wanakijiji wakaanza kuuza mpingo wao kwa bei inayoonekana, ule mpingo unaotengenezwa klarineti na obo. Mti umekuwa na mwenyewe, mwenyewe anaulinda, na fedha inabaki kijijini. Nilitaka sana jibu liwe hilo. Nilikuwa hata nimeanza kuandika aya ya kuwashauri watu wa Kameruni.

Kisha nikakumbuka tumba la mpingo. Ni jembamba, jepesi, kama karatasi. Upepo unalichukua. Mpingo pia huchipua kutoka mizizini. Ukiulinda mti, ukadhibiti moto, ukamzuia mwizi wa magogo, umefanya kazi kubwa, na mbegu itajitafutia njia yake.

Abunusi haina upepo. Chini ya msitu wa mvua hewa imetulia, tunda ni zito, na hakuna wa kulichukua kwa wingi isipokuwa yule mnyama mmoja. Kijiji kinaweza kuwa na cheti, walinzi na mnunuzi mwaminifu, na bado kikarithisha wajukuu msitu wenye miti ya mwisho. Kwa hiyo somo la Kilwa, ambalo nalipenda na ninaliheshimu, linafika nusu ya njia tu.

## Mikono badala ya mkonga

Wapo walioamua kuifanya kazi ya ndovu kwa mikono. Mwaka 2016 Taasisi ya Bonde la Kongo, kwa fedha zilizoanzia kwa Bob Taylor, ilianzisha mradi wa kupanda abunusi pamoja na wanavijiji wa Kameruni. Lengo la kwanza lilikuwa miti 15,000, na walilivuka. Vitalu viko vijijini. Pamoja na abunusi wanapanda miti ya matunda na ya dawa, kwa sababu hakuna mkulima mwenye watoto wa kulisha atakayetunza mti utakaovunwa na vitukuu vyake peke yake. Hili la matunda ndilo lililonishawishi kuliko yote. Anayelibuni amewahi kukaa na mkulima.

Shaka langu halikuondoka lote. Mti uliopandwa kwenye kingo za shamba si msitu. Kitalu kinachota mbegu kwa wazazi wachache, wakati ndovu anakusanya matunda anapopita, usiku na mchana, bila bajeti na bila ripoti. Na muda: kiini cheusi hakiji haraka, kinahitaji miongo kadhaa. Mpandaji wa leo anampandia mtu ambaye hajazaliwa, akitumaini kwamba mtu huyo ataachiwa mti wake na sheria, na majirani, na serikali ya wakati huo.

Hata hivyo nimefika mahali pa kusema wazi kwamba kazi ile ni njema. Kuna sehemu za Kameruni ambako ndovu hawatarudi katika umri wa yeyote anayesoma hapa, na huko mikono ya watu ndiyo iliyobaki. Ninachokikataa ni picha ya mche mmoja kitaluni ikitumika kumfanya mnunuzi aamini kwamba mambo yamekwisha kunyooka.

Ndovu nao wana hesabu yao ya muda. Andrea Turkalo aliwafuatilia ndovu wa msituni katika uwazi wa Dzanga, Jamhuri ya Afrika ya Kati, kuanzia 1990, akiwajua mmoja mmoja kwa masikio na pembe zao. Yeye na wenzake walionyesha kwamba jike wa msituni huanza kuzaa akiwa na miaka kama 23, kisha hupata mtoto kila baada ya miaka mitano au sita. Ili idadi yao iongezeke mara mbili inahitaji karibu miaka 60. Ndovu wa nyika, wale wa Serengeti na Tsavo, huenda kasi kuliko hivyo.

Mti wa polepole umekabidhi watoto wake kwa mnyama wa polepole.

## Gaboni

Bado kuna nchi ambako wawili hawa wanaishi pamoja kwa wingi. Mwaka 2021 Gaboni ilitangaza matokeo ya hesabu ya ndovu wake wa msituni nchi nzima: kama 95,000, zaidi ya nusu ya waliobaki duniani. Walihesabiwa kwa kukusanya kinyesi na kusoma vinasaba vilivyomo. Nilipolisoma hilo nilitabasamu peke yangu, maana ni kinyesi kile kile kinachobeba mbegu.

Lakini usimwambie mkulima wa Gaboni kwamba ndovu ni neema. Ndovu huingia kwenye migomba na mihogo usiku, na asubuhi mwenye shamba hana kitu. Watu wameandamana kwa sababu hiyo, na wana haki. Nimezungumza na jamaa wa Taita ambao wamelala macho na debe la kugonga wakiwafukuza ndovu wa Tsavo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na hamu ya kusikia hotuba kuhusu mbegu. Walichokuwa na hamu nacho ni uzio wa mizinga ya nyuki, ule uliojaribiwa Sagalla, kwa sababu ndovu huogopa nyuki na mwenye shamba anapata asali. Ni kitu cha kushika mkononi.

Hapa ndipo fikra yangu ilipo sasa. Tangu Bob Taylor alipotoa video yake, mjadala wa abunusi umemhusu mpigaji, muuzaji, mkataji, na hivi karibuni mpandaji wa miche. Yule mama wa Gaboni anayepoteza shamba lake la migomba kwa ndovu aliyekula tunda la abunusi jana yake hayumo. Yeye ndiye anayelipa gharama ya mti kuota. Katika bei ya fidla, ya gitaa, ya piano, hamna senti yake hata moja.

Ningependa iwemo. Watengenezaji wa ala wana vyama, wana mikutano, wana njia za kukusanya fedha. Wamekwisha kuonyesha kwamba wanaweza kugharamia vitalu. Wanaweza kugharamia na uzio, na fidia ya shamba, na mshahara wa mlinzi anayejua jina la kila ndovu anayepita kijijini kwake. Yeyote kati yenu anayenunua au kuuza ala, Nairobi, Maskati, Toronto au hapa mjini, na aliyewahi kumuuliza muuzaji wake swali la namna hii, naomba aniandikie alijibiwa nini.